Kuifuata Timu Hadi Homa Bay



Kina mama wanaohudhuria darsa zetu wametuuliza, wala si mara moja, juu ya kijana anayesafiri masafa marefu kwenda kutazama mpira. Wengi wao hawaulizi kwa kutaka kujua hukumu. Wanauliza kwa kutaka katazo. Mtoto amekwisha kukusudia, mama hana nguvu ya kumzuia, basi anataka neno la shekhe liwe komeo la mlango. Mas-ala haya hatukuyasoma vitabuni peke yake, tumeyapandia treni, kwa hiyo tutajibu kwa kueleza safari yenyewe.

Hukumu ni fupi. Asili ya safari ni ruhusa, na mpira ni mchezo. Hatuwezi kuuharamisha kwa kuwa sisi au wewe hatuupendi. Kinachouharibu ni vile vinavyoshikamana nao: swala kupotezwa, matusi, ulevi, na kamari. Matusi huyasikia hata jirani, na mlevi hujulikana kwa mwendo wake. Kamari haina harufu wala sauti, hukaa mfukoni ndani ya simu, na kijana aweza kuwa anacheza huku amekaa nawe mkekani anakula.

Sisi ni wapenzi wa Bandari, timu ya Halmashauri ya Bandari hapa Mombasa, iliyotwaa ngao ya taifa mwaka 2015 na tena 2019. Safari yetu ya kwanza ya mbali tulikwenda Awendo, kaunti ya Migori, mwaka 2014, ugenini kwa SoNy Sugar. Wakati huo treni ilikuwa ile ya zamani, iliyoondoka kituo cha mjini jioni na kulala njiani. Tulikuwa na birika la kahawa, mahamri, na mzee mmoja aliyejua jina la kila kituo kabla hakijaonekana. SoNy walikuwa na heshima yao: timu ya kiwanda cha sukari, kutoka mji mdogo uliozungukwa na miwa, iliyowapita vigogo wa Nairobi na kuchukua ubingwa wa nchi mwaka 2006. Miaka mitano baada ya safari ile, katika msimu wa 2019/2020, wakatolewa ligini kwa kushindwa kufika uwanjani. Nauli haikupatikana. Mwaka huohuo wa 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za makampuni 27 ya kamari, na fedha za udhamini zilizokuwa zikitoka huko zikakauka kwa vilabu vingi. Wapo waliotuambia: shekhe, mwaona, kamari ndiyo iliyokuwa ikiulisha mpira. Tukawajibu kwamba fedha zile zilitoka katika mifuko ya watoto wetu, na mkono uliokuwa ukiupa mpira shilingi ulikuwa umechukua shilingi nyingi zaidi kabla yake.

Tuje kwenye safari ya karibuni, ambayo tunaieleza kwa idhini ya wahusika.

Mama mmoja mjane, muuza viazi karai, alitujia na mwanawe wa miaka kumi na tisa. Bandari walikuwa wakienda kucheza na Shabana wa Kisii, na Shabana walikuwa wenyeji katika uwanja wa Raila Odinga mjini Homa Bay. Kijana anataka kwenda na wenzake. Tulidhani atatuomba tumkataze. Akasema: “Shekhe, nikimzuia atakwenda kwa siri. Mukenda naye, mimi nitalala usingizi.” Tukenda, sote watu kumi na wanne, pamoja na mzee mmoja na mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa jemadari wa chakula.

Reli haifiki Homa Bay wala Migori. Ile ya mkoloni ilifika ziwani mwaka 1901, ikaishia Kisumu, na waliotaka kuendelea kusini walipanda meli. Leo msafiri wa Mombasa hupanda Madaraka Express hadi Nairobi, kilomita 472, kisha hulala ndani ya basi. Nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Ilikuwa 700 treni hiyo ilipoanza mwaka 2017. Kwa muuza viazi, shilingi hizo ni karai nyingi.

Tulisafiri Ijumaa, na hapa pana jambo ambalo vijana hulighafilika. Katika madhehebu yetu ya Shafi, aliyewajibikiwa na Ijumaa hafungi safari baada ya alfajiri ya siku hiyo ikiwa itampita. Kwa hiyo hatukupanda treni ya asubuhi. Tuliswali Ijumaa, tukala haraka, tukakimbilia Miritini kuwahi ya saa tisa.

Miritini mizigo hupangwa chini, mbwa wakapitishwa kuinusa. Mke wa mzee alifadhaika, maana begi lake lilikuwa na msala na mikate. Tukamwambia: ukiona kwa jicho lako unyevu wa pua ya mbwa juu ya begi, utaliosha mara saba, moja kwa udongo. Usipoona, basi begi liko katika asili yake ya twahara, na shaka haiondoi yakini. Akaliinamia begi lile akilichunguza kama sonara, akaridhika, tukaingia. Akina mama wa safari, wekeni begi ndani ya gunia safi. Hutoa wasiwasi wote.

Alasiri ilituingilia ndani ya behewa, na alasiri haicheleweshwi hadi magharibi. Tulipopita Mariakani tukaswali rakaa mbili za msafiri, wawili wawili, katika nafasi iliyo karibu na milango. Kibla cha Mombasa ni kaskazini, kwa kuwa Makka iko karibu sawasawa juu yetu, na treni huenda kaskazini-magharibi. Basi mwenye kuswali huelekea mbele na kulia kidogo ya mwendo. Magharibi tuliichelewesha tukaikusanya na isha Nairobi. Kijana wa yule mama alisimama katika safu ya mwisho. Tuliona kwamba tangu Voi hakutazama dirishani hata mara moja, na wenzake walipokuwa wakigombania kuona ndovu wa Tsavo yeye alikuwa ameinamia simu. Tulidhani ana mchumba.

Basi lilitushusha Homa Bay asubuhi ya Jumamosi, baada ya Kisii na Rongo. Ukifuata barabara kubwa kutoka Rongo utaelekea Awendo na Migori hadi mpaka wa Tanzania pale Isebania. Sisi tulikata kulia kuelekea ziwani. Mji uko ufukweni, na mlima wake umesimama juu yake kama kikapu kilichofudikizwa. Jambo la kwanza tulilowausia vijana ni kuziacha ratiba za swala za Mombasa. Homa Bay iko magharibi yetu kwa mbali, jua huzama huko baada ya dakika kama ishirini kuliko kwetu, na aliyefunga Sunna akafungua kwa saa ya Mombasa amefungua mchana. Jambo la pili lilikuwa chakula. Palipo na shaka ya kuchinja, samaki hachinjwi, na ngege wa ziwa lile, aliyekaangwa kisha akapikwa kwa nyanya na kuliwa na ugali, hana haja ya kuombewa radhi na mtu wa pwani.

Mchana tulipanda matatu hadi Kendu Bay, kwa sababu tulitaka kuswali na Waislamu wa huko, ambao wamekaa mwambao ule wa ziwa kwa vizazi. Walitupokea mapokezi ya ndugu. Kisha wakatupeleka kuona Simbi Nyaima, ziwa dogo la duara, maji yake ya chumvi na ya kijani, lisilo mbali na mji. Wenyeji husimulia kwamba pale palikuwa na kijiji. Usiku mmoja wa karamu alikuja bibi kizee mgeni, akaomba chakula na mahali pa kulala, akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu akamhurumia. Bibi akamwambia yule mwanamke aondoke na watu wake, kisha maji yakakifunika kijiji. Hiki ni kisa cha wenyeji, hatukukichukua katika kitabu, nasi tunakipokea kama masimulizi. Lakini tuliona ajabu kwamba watu waliolelewa na kisa kile ndio waliokataa kutupokea nauli ya matatu ya kurudi.

Usiku ule, baada ya isha, yule kijana hakula. Alisema tumbo lamuuma. Tulimkuta amekaa barazani pa msikiti, simu imezimwa mkononi. Tukamuuliza. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: “Mkeka umechanika, shekhe.”

Kwa kina mama wasiojua lugha hii: mkeka ni orodha ya mechi ambazo mcheza kamari hubashiri matokeo yake kwa pamoja. Zikitimia zote hulipwa. Ikikosea moja, zote zimepotea. Hatujui nani aliyelichagua neno hilo. Sisi mkeka tulikuwa tukijua ni ule tunaolalia, tunaoswalia, na tunaowekewa juu yake tukifa.

Wake ulikuwa na mechi saba. Sita za Ulaya, na ya saba ni Bandari, ya kesho yake. Tano zilikuwa zimetimia. Ya sita, ya Uingereza, ikaisha sare. Alikuwa ameweka shilingi 4,000, yaani fedha zote alizopewa na mama yake za kula na za kurudi nyumbani. Tulielewa sasa kwa nini hakuona ndovu. Hakuwa amesafiri kuitazama timu yake. Alisafiri kama mdai anayekwenda kumchungulia mdaiwa.

Wenzake walitaka kuchanga wamlipie, yaishe. Mzee wetu akasema aachwe ajifunze, abebe mizigo gatini mpaka apate nauli. Tuliona yote mawili hayafai. Kumwacha kijana peke yake katika mji asiomjua, na mama amemkabidhi kwetu, ni kuvunja amana. Na kumlipia kimya kimya ni kuufanya ule mchezo usiwe na gharama. Wanazuoni wetu wamelizungumza jambo lililo karibu na hili katika mlango wa zaka: msafiri aliyekatikiwa hupewa, ila safari yake isiwe ya maasi, na mwenye deni hupewa, ila aliyekopa kwa ajili ya maasi hapewi mpaka atubie. Safari ya kijana huyu ilikuwa halali, fedha zake ndizo zilizopotea katika haramu. Tukamkopesha sisi wenyewe, mbele ya mashahidi wawili, tukaandika. Tukamwambia pia: “Mwanangu, sisi hatutamwambia mama yako. Utamwambia wewe, na utamwambia kabla hujavua viatu.”

Akalia. Mke wa mzee akamletea ngege wake, amemfunika kwa sahani.

Jumapili uwanja ulijaa. Wakisii walikuja kwa mabasi na tarumbeta. Shabana ilizaliwa 1980 kwa jina la duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, ikaporomoka ligini na kukaa chini miaka mingi hadi iliporejea 2023, na watu wake wanaipenda kama mtoto aliyepona ugonjwa. Sisi kumi na wanne tulikuwa kama punje ya mtama. Waliotuzunguka walitutania muda wote, wakatugawia miwa. Hapakuwa na aliyetugusa. Tusidanganye: maneno machafu yalikuwepo, mengine kutoka upande wetu, na tulilazimika kumnyamazisha kijana mmoja wa kwetu kwa kumshika sikio.

Mambo ya uwanjani tunawaachia wajuzi wa mpira. Tulichokitazama zaidi ni yule kijana. Mechi ile ndiyo iliyokuwa ya saba katika mkeka wake, na sasa haikuwa na thamani ya senti tano kwake. Dakika za mwanzo alikaa kama aliyefiwa. Kisha kipa wetu akaruka akautoa mpira uliokuwa umekwisha kuingia machoni petu, na kijana akajikuta yuko juu ya benchi, kanzu imekunjwa kiunoni, anapiga kelele na sauti inamkauka. Alikaa juu ya benchi lile mpaka mwisho.

Tulirudi kwa basi la usiku na treni ya alasiri. Safari hii alikaa dirishani. Ndovu hawakutokea.

Alimwambia mama yake mlangoni, kama tulivyoagana. Mama alitusimulia baadaye kwamba alimsikiliza hadi mwisho, akamuuliza kama amekula, kisha hakusema naye siku mbili. Siku ya tatu alimwamsha alfajiri akamkabidhi kisu na gunia la viazi. Deni letu amelilipa kwa miezi minne, mia mbili mia tatu, kwa kubeba mizigo Kongowea baada ya kumaliza karai. Karatasi tuliyoandikiana Homa Bay tumeichana mbele ya mashahidi walewale. Simu anayo, lakini namba ya kutumia fedha ameihamishia kwa mama yake, na hilo alilitaka mwenyewe.

Swali la mwisho limeulizwa na mama huyohuyo wiki iliyopita. Hajawahi kupita Mariakani maishani mwake, na anataka kwenda na mwanawe safari ijayo. Yafaa? Yafaa, kijana ni baleghe, ni maharimu wake, na nauli ni ya jasho lao. Tumemwambia achukue sweta, kwa kuwa Nairobi usiku ni baridi, na asisahau gunia safi la kutilia begi.