Nilivyojifunza Kulenga kwa Upinde

Mimi ni mwalimu, na kwa miaka 12 kazi yangu imekuwa kuwaambia wengine, "Jaribu tena." Maneno hayo ni mepesi kinywani mwa anayeyasema. Uzito wake niliujua nilipokuwa na umri wa miaka 34, siku niliposimama katika kiwanja cha mchanga hapa Likoni, upinde mkononi, mbele ya wanafunzi wapatao arobaini, nikashindwa kulipata lengo lenye upana wa zaidi ya mita moja, nami nilikuwa hatua kumi na tano tu kutoka lilipo.

Nitakueleza, msomaji, kilichonifikisha hapo. Katika kidato cha pili palikuwa na mvulana aliyetembea kwa magongo. Kila Alhamisi jioni, wenzake walipovua viatu kwenda mpirani, yeye alikaa chini ya mwembe akivichunga. Siku moja nilimwuliza kama hakuchoka kuketi. Akanijibu kwa adabu, "Nimezoea, mwalimu." Jibu hilo lilinichoma kuliko manung'uniko. Katika chuo cha ualimu nilifundishwa kwamba michezo ni haki ya kila mtoto. Nikayaandika hayo katika mtihani, nikapata alama nzuri, kisha nikamwacha mtoto achunge viatu mwaka mzima.

Nilikuwa nimesoma habari za daktari Ludwig Guttmann wa hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, yeye aliwakusanya askari wa zamani 16, wanaume kwa wanawake, waliojeruhiwa vitani na kuketi katika viti vya magurudumu, wakashindana kwa upinde na mshale. Kutoka katika mashindano hayo madogo ilizaliwa Michezo ya Paralimpiki, iliyofanywa kwa mara ya kwanza Rome mwaka 1960. Basi nikamwambia yule mvulana kwamba kabla ya mwisho wa muhula atafuma mshale. Nilimwahidi hivyo nami sijui hata upote hufungwa vipi.

Mwalimu wangu alikuwa rafiki niliyesoma naye chuoni, ambaye kabla ya ualimu aliwafundisha wageni mchezo huu katika hoteli moja ya pwani ya kusini. Alituazima pinde mbili na mishale tisa. Lengo tulilitengeneza wenyewe kwa magunia tuliyoyashindilia nyasi kavu, na juu yake tukabandika karatasi yenye miduara ya rangi tano: nyeupe nje, kisha nyeusi, buluu, nyekundu, na manjano katikati. Mashindano ya Olimpiki hutumia lengo la namna hiyo, lenye upana wa sentimita 122, nalo huwekwa mita 70 mbali. Duara la ndani lenye alama kumi lina upana wa sentimita 12.2 tu.

Jirani yetu mmoja, mzee wa Kidigo, alisimama kututazama. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitikia, "Marahaba," akaomba kuushika upinde, akauvuta kidogo, akacheka. "Huu ni uha wa watoto, mwanangu." Hakukosea. Upinde wetu ulihitaji nguvu ya ratili 18 hivi kuuvuta, ambayo yamfaa mwanafunzi. Waata, wawindaji mashuhuri wa ndovu katika nyika ya Tsavo, walivuta pinde za ratili 100 na zaidi, wakamkaribia ndovu kwa hatua chache, wakamfuma kwa mshale wenye sumu ya mti wa msunguti. Sumu hiyo aghalabu ilipikwa na Wagiriama. Siku hizo zimepita. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Lakini nadhani ni haki kijana wa pwani ajue kwamba upinde haukuletwa kwetu na watalii.

Masomo ya mwanzo huonekana madogo. Simama ubavu kwa lengo, miguu imeachana kwa upana wa mabega. Pachika mshale katika upote, nao uingie kwa sauti ndogo ya kubana. Weka kidole cha shahada juu ya mshale, cha kati na cha pete chini yake. Mkono wa mbele usiukabe upinde. Uusukume kama mtu asukumaye mlango. Kisha vuta mpaka kidole kiguse chini ya taya, mahali pale pale kila mara, kwa maana ukikosea hapo kwa upana wa ukucha, kule mbele utakosea kwa shubiri. Nguvu ya kuvuta itoke mgongoni. Wala usiachie upote pasipo mshale, kwa kuwa nguvu ile ikikosa cha kubeba huurudia upinde wenyewe na kuweza kuuvunja.

Hayo yote niliyajua kwa moyo katika siku tatu, nikaweza kuyaandika ubaoni. Mishale yangu haikuyajua. Ilikwenda kushoto, kushoto, kushoto daima. Upote ulinichapa kigasha mpaka kikawa cha zambarau. Wanafunzi walicheka, kwanza kwa siri, halafu waziwazi. Nikausingizia upepo wa bahari, nikausingizia upinde. Yule mzee akasema, "Mchagua jembe si mkulima," akaenda zake.

Mwisho wa wiki ya pili rafiki yangu aliniambia ninyoshe mikono, niunganishe viganja vibakize tundu dogo, nitazame kupitia tundu hilo ncha ya mnazi wa mbali, kisha nifumbe jicho mojamoja. Nilipofumba jicho la kushoto mnazi ulitoweka. Kumbe jicho langu litawalalo ni la kushoto, nami nilikuwa nikilenga kwa la kulia! Ilinibidi nianze upya, upinde mkono wa kulia, kuvuta kwa kushoto, kama mtoto anayefundishwa kushika kijiko. Usiku ule niliwakumbuka wanafunzi niliowaandikia katika ripoti zao neno "mzembe." Sikuwa nimemtazama hata mmoja wao nijue analengea jicho lipi.

Nilianza kupata. Furaha ikanilevya, na hapo ndipo nilipotenda kosa ambalo hata leo likinijia usiku huketi kitandani. Kanuni ya mchezo ni filimbi: mara mbili, wapiga mishale wasogee mstarini, mara moja, wafume, mara tatu, wakachukue mishale. Jioni ile nilikuwa na yule mvulana peke yetu, naye ameketi kando yangu. Nikaona filimbi ni ya nini kwa watu wawili? Sikupuliza, wala sikutazama nyuma ya lengo. Nikavuta, macho yangu yote katika manjano.

"Mwalimu, shusha! Shusha!"

Mtoto mdogo alikuwa ametokea vichakani akifukuza tairi lake bovu, akipita nyuma ya magunia. Nilishusha upinde polepole, vidole vikitetemeka, mpaka upote ukalegea. Mtoto akaliokota tairi, akatupungia mkono, akaenda kwao bila kujua lolote. Mimi nilifunga pinde katika gunia, nikamwambia mvulana kwamba mchezo umekwisha. Hakunijibu.

Jumatatu alikuja ofisini kwa magongo yake, filimbi inaning'inia shingoni. "Nitapuliza mimi, mwalimu," akasema. "Wewe ukilenga huoni kitu." Sikuwa na la kubisha. Tuliliondoa lengo vichakani, tukaliweka mbele ya tuta refu la mchanga, tukafunga kamba pande zote mbili. Tangu siku hiyo hakuna aliyefuma, mkubwa wala mdogo, bila idhini yake, na wale waliokuwa wakimwachia viatu wakamsikiliza filimbi.

Naye alijifunza akiwa juu ya kiti cha darasani, magongo chini. Hakuwa na haraka. Wiki ya mwisho ya muhula alifuma mishale mitatu. Wa kwanza ulichoma nyeusi, wa pili buluu. Wa tatu sikuuona vizuri, ila nilisikia wenzake wakipiga kelele, nikatoka mbio kwenda kutazama.

"Rudi, mwalimu," akaniita. "Sijapuliza."

Nikarudi mstarini.