Mvua ya Ayub Ogada Ilivyonifikia Oldonyiro

Mimi ni mtunzi wa nyimbo na mkaazi wa Oldonyiro, magharibi mwa Kaunti ya Isiolo. Nililelewa katika boma la Wasamburu, nikaolewa hapahapa. Natoa ushuhuda huu kwa sababu uimbaji wangu umegeuka, na aliyeugeuza ni mtu ambaye hatukuwahi kuonana: marehemu Ayub Ogada, mwanamuziki Mjaluo.

Zamani niliimba kwa biti za kinanda. Sisi akina mama wa kwaya tulichanga pesa, tukapanda gari hadi Isiolo mjini, kijana wa studio akatuchagulia mdundo kwenye kompyuta, nasi tukaingiza maneno. Nyimbo hizo zilinijenga kiimani na siwezi kuzikana. Ila ukizisikiliza huwezi kujua zimetoka kwa watu wa mifugo. Zingeweza kutoka popote.

Kisha ukaja ukame. Tangu mwisho wa 2020, misimu mitano ya mvua ilifuatana ikipita mitupu kaskazini mwa Kenya. Wanaume walihama na ng'ombe kutafuta malisho, tukabaki nyumbani na watoto, wazee na mbuzi wachache. Siku za soko watu walirudi na mbuzi walewale waliokwenda nao, maana wamekonda na hakuna mnunuzi. Pesa ya studio ingetoka wapi?

Ndipo ndugu yangu mdogo, aliyekuwa akisoma Nairobi, akaniwekea kwenye simu albamu ya Ogada iitwayo En Mana Kuoyo. Kuna wimbo mmoja humo, Kothbiro. Sijui Kijaluo hata kidogo. Nikasikia sauti ya mtu mmoja asiye na haraka, na nyuzi za nyatiti chini yake.

"Dada, unajua anaimba nini?" ndugu yangu akaniuliza. "Mvua inakuja, ng'ombe warudishwe nyumbani."

Nilikaa kimya, machozi yakanitoka. Mtu wa jamii ya Ziwa Victoria alikuwa ameimba haja yangu ya mwaka ule.

Nikataka kumjua. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956, jina lake la awali likiwa Job Seda. Mwaka 1979 alikuwa miongoni mwa walioanzisha bendi ya African Heritage pale Nairobi. Aliigiza pia, hata katika filamu ya Out of Africa ya 1985. Lakini sehemu ya maisha yake iliyonishika ni ile ya 1986, alipokwenda Uingereza na nyatiti yake. Nyatiti ni chombo cha nyuzi nane. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, njuga mguuni, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga chombo kushika mdundo. Hicho ndicho alichokipiga kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi mjini London, wapita njia wakimtupia sarafu. Hakukibadilisha kwa gitaa la umeme ili Wazungu wamwelewe. Watu wa tamasha la WOMAD wakamsikia, wakamwalika, na mwaka 1993 Real World, kampuni ya mwanamuziki Peter Gabriel, ikatoa albamu hiyo. Mwaka 2005 Kothbiro ikaingia katika filamu ya The Constant Gardener, ambayo baadhi ya sehemu zake zilipigwa picha Loiyangalani, kwenye Ziwa Turkana, kaskazini kwetu huku.

Nikajiuliza, sisi tuna nini? Wasamburu hatuna nyatiti. Chombo chetu ni koo. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia kwa kifua, morani wananguruma chini kabisa, na kazi imekamilika. Baadaye nikapata habari za Björk, mwimbaji na mtunzi wa Iceland, ambaye mwaka 2004 alitoa albamu Medúlla, karibu yote imejengwa kwa sauti za watu peke yake. Nilifurahi sana kuisikia, na nikampelekea nyanya yangu simu naye asikie. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Huyu mtoto anajua."

Basi nikamwomba nyanya anifundishe nyimbo ambazo akina mama huimba kumwomba Nkai, Mungu wetu, mvua. Tulirekodi usiku, mbuzi wakishatulia zizini na upepo umeshuka. Simu niliiweka juu ya mtungi wa plastiki wa maji, mtupu, uliogeuzwa chini juu. Jaribio la kwanza kulikuwa na sauti ya ziada, kama kitu kinachotikiswa, tukaanza kutafuta kasoro ilipo. Kumbe ni shanga. Mwanamke wetu anapoimba mabega yake yanacheza, na mikufu mipana shingoni inapanda na kushuka pamoja. Mmoja akataka tuzivue. Nilikataa. Zile shanga ndizo mdundo wetu, na mpaka leo siimbi bila kuzivaa.

Mvua ilirudi 2023, na wengi wetu tulianza upya na mifugo michache. Mimi sijarudi kwenye biti. Natunga kwa Kisamburu, juu ya visima, juu ya ndama, juu ya wanaume wanaokawia kurudi kutoka malishoni, na kanisani pia naimba hivyohivyo. Wazee waliokuwa wakitoka nje kwaya ikianza sasa wanakaa, na wengine wanaitikia.

Ayub Ogada alirudi kuishi nyumbani kwao karibu na Kisumu, na huko ndiko alikofariki Februari 2019. Nasikitika kwamba nilimfahamu akiwa ameshaondoka.

Kwenu vijana wa Oldonyiro, Kipsing na kote mnakoweza kunisoma: simu mnazo. Kaeni na nyanya zenu, wangali hai, mrekodi wanavyoimba, na kila wimbo uandikieni jina la mwimbaji, boma lake na mwaka.