Tafakari ya Juma: Gari la Paroko



Juma hili tumeona vema tuandike juu ya jambo ambalo wengi wenu mmekwisha kuliona kwa macho, na wengine mmelisikia likizungumzwa katika jumuiya ndogondogo: paroko wenu sasa anaendesha Mercedes-Benz. Mnong'ono usiojibiwa huzaa mnong'ono mwingine, nasi twapenda habari zetu mzipate kutoka kinywani mwetu wenyewe. Majuma manne yamepita tangu tukabidhiwe funguo. Si muda mrefu, lakini yatosha kusema tulichokiona.

Tuanze na asili yake. Kwa miaka mingi tulitumia Toyota Corolla ambayo mnaifahamu vizuri, kwa kuwa wengi wenu mmepanda humo pamoja na magunia, kuku, na mara moja harmoniamu ya kwaya. Ilipofika wakati wa kuiuza, mama mmoja mjane aliyekuwa akijiandaa kuhamia kwa wanawe alitupatia gari la marehemu mumewe, kwa bei iliyokaribiana na ile tuliyolipwa kwa Corolla. Ni C-Class ya toleo lililoanza kutengenezwa mwaka 2007. Hili letu lilitoka kiwandani mwaka 2010. Si gari jipya, ila fahari yake haijazeeka. Padre wa jimbo hafungi nadhiri ya ufukara kama mtawa, hivyo aweza kuwa na mali yake, na kadi ya gari hili ina jina letu. Fedha za parokia hazikuguswa hata senti moja.

Mtu aliyezoea Toyota akiingia katika gari hili hujiona mgeni. Katika magari mengi ya Kijapani tunayoyatumia hapa nchini, kijiti cha indiketa kiko upande wa kulia wa usukani na cha waipa upande wa kushoto. Humu mambo hayo mawili yamewekwa kwenye kijiti kimoja, tena upande wa kushoto. Kwa siku tatu za kwanza, kila tulipokaribia njia panda mkono wa kulia ulipapasa hewa. Ufunguo hauna meno ya chuma. Huingizwa katika tundu la dashibodi na gari hulitambua. Breki ya kuegeshea hukanyagwa kwa mguu wa kushoto, na kuiachia huvutwa kishikio kilicho karibu na swichi ya taa. Corolla yetu ilivutwa na magurudumu ya mbele, hili husukumwa na yale ya nyuma, na tofauti hiyo huihisi barabarani hasa wakati wa masika, utelezi unapoanza.

Lakini lililotushangaza kuliko yote ni ukimya. Ukifunga mlango, kelele za barabara hubaki nje. Katika safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, mwendo wa kilomita zipatazo 190, tuliweza kusali rozari nzima kwa sauti ya kawaida, na tulipofika mgongo haukuuma. Tungesema uongo kama tungedai kwamba hilo halikutupendeza. Kazi iliyofanywa kwa ustadi ni jambo jema, na fundi aliyeshona viti vile, awaye yote, alitumia vema kipaji alichopewa. Padre anayeadhimisha Misa tatu Dominika moja, kila moja katika kigango chake, ana haki ya kufika akiwa bado na nguvu ya kuhubiri.

Pamoja na hayo, yapo mambo ambayo fundi hawezi kutuonyesha kwa kufungua boneti. Jambo la kwanza ni malango. Katika ofisi moja mjini ambamo zamani tuliulizwa jina, shughuli na mtu tunayemfuata, sasa askari hufungua lango kabla hatujasimama, na kupiga saluti juu. Hatukumlaumu. Mtakatifu Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, aliwaonya Wakristo wa kwanza waliompa mwenye pete ya dhahabu kiti cha heshima na kumwacha maskini asimame. Kila tulipousoma waraka huo tulijiweka upande wa yule aliyeambiwa asimame. Sasa twaketi katika kiti cha yule mwenye pete, nao waraka unasikika kwa namna nyingine kabisa.

Wazee wenu wanalikumbuka neno lililozaliwa hapa hapa Afrika Mashariki baada ya uhuru: Wabenzi. Watu wetu, kwa ule ucheshi wao mkali, waliunda jina la kabila jipya, wakaliweka katika safu moja na Waluguru, Wachaga na Wahehe. Lilikuwa kabila lisilo na kijiji wala mila. Alama yake ni gari tu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipowakataza viongozi kupokea mishahara miwili na kumiliki nyumba za kupangisha, lilikuwa likigusa uchungu ule ule uliolizaa neno hilo. Neno hilo halijafa. Siku ya kwanza tulipoegesha gari mbele ya kanisa tulimsikia kijana mmoja akilitamka taratibu, na wenzake wakacheka. Kicheko chao kilikuwa na haki yake.

Jambo la pili ndilo lililotufanya tuandike. Katika barabara ya kwenda vigangoni, Corolla ilikuwa ikisimamishwa kwa mkono. Mama mwenye kapu la mihogo, mwanafunzi aliyechelewa, mzee anayekwenda kliniki, wote waliinua mkono, nasi tulijua mkono huo una maana gani. Nusu ya maungamo tuliyowahi kuyaombwa nje ya kanisa yaliombwa katika kiti cha mbele cha gari lile. Ndoa mbili zilizokuwa zimevunjika zilianza kurudiana humo, kwa sababu mtu aliyeomba kusogezwa mbele kidogo aliona heri aseme na lililomsumbua moyoni. Kwa majuma haya manne hakuna aliyetuinulia mkono hata mmoja. Watu wanaliona gari, wanasogea pembeni ya barabara, wanainamisha kichwa kwa heshima, na sisi tunapita katika ukimya wetu mzuri.

Juma lililopita tulisimama wenyewe, kando ya mama mmoja mzee wa jumuiya zetu aliyekuwa ametua mzigo wa ndizi chini ya mwembe. Tulipofungua kioo alishtuka. "Kumbe ni wewe, Baba Paroko! Nilidhani ni mkubwa fulani kutoka mjini." Tulimwomba apande. Alivua kandambili zake, akazipiga moja kwa nyingine mpaka udongo ukadondoka wote, akazishika mkononi. Kisha akauliza kama hizo ndizi zinaweza kubaki hapo, aje mjukuu kuzichukua, maana si gari la kupakia ndizi. Tulizipakia. Njia nzima alikaa ukingoni mwa kiti, miguu mitupu ikiwa imeinuliwa kidogo ili isiguse zulia. Mama huyu hupenda sana mazungumzo. Siku hiyo hakusema zaidi ya kujibu tulipomuuliza.

Ndugu wapendwa, Maandiko Matakatifu yanalo gari moja la kifahari ambalo halikulaumiwa. Katika sura ya nane ya Matendo ya Mitume twasoma habari za Mwethiopia, mtunza hazina wa malkia Kandake, aliyekuwa akirudi kwao kutoka Yerusalemu ameketi garini mwake, akisoma kitabu cha nabii Isaya. Filipo alikuwa akienda kwa miguu. Alilikimbilia gari, akauliza swali, na yule mkubwa akamsihi apande, aketi pamoja naye. Baadaye mkubwa huyo aliamuru gari lisimame, wakateremka wote wawili majini, akabatizwa. Mwinjili Luka hakuona haja ya kutueleza gari lile lilikuwa la thamani gani. Alituandikia kwamba aliyetembea kwa miguu aliweza kulifikia, akaalikwa ndani, na kwamba lilisimama.

Kanisa limekwisha kutufundisha kuhusu jambo hili. Kanuni ya 282 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 yawataka makleri waishi maisha ya kawaida na kuepa kila chenye sura ya majivuno. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, aliyeaga dunia tarehe 21 Aprili 2025, aliwaambia waseminari na wanovisi mnamo Julai 2013 kwamba humuuma kumwona padre au mtawa akiwa na gari la toleo la karibuni. Alikubali kwamba gari ni la lazima kwa kazi, ila akashauri lichaguliwe lililo nyenyekevu zaidi. Mwaka huo huo alipokea kutoka kwa padre mmoja wa Italia gari kuukuu aina ya Renault 4, lililokwisha kutembea kilomita zipatazo 300,000. Gari letu si la toleo la karibuni, na kwa bei lilitugharimu kama Corolla kuukuu. Hoja hiyo ingetutosha kama tungekuwa mbele ya mahakama. Yule mama aliyeshika kandambili mkononi hakuuliza bei.

Hata jina la gari lina la kutuambia. Emil Jellinek, mfanyabiashara wa Austria na mwana wa rabi wa Kiyahudi, aliyapa magari ya kiwanda cha Daimler jina la binti yake, Mercédès, nalo likasajiliwa kuwa alama ya biashara mwaka 1902. Jina hilo la Kihispania latokana na sifa ya Bikira Maria, Mama wa Huruma, yule yule ambaye shirika la Wamersedari, lililoanzishwa na Mtakatifu Petro Nolasko huko Barcelona mwaka 1218, lilijiweka chini ya ulinzi wake ili kuwakomboa mateka. Watawa hao waliweka nadhiri ya kuwa tayari kubaki utumwani mahali pa aliyefungwa. Basi kila siku twashika usukani wenye jina la huruma. Lingekuwa jambo la huzuni kama huruma yenyewe ingeachwa barabarani na mzigo wake wa ndizi.

Kwa hiyo tumeamua hivi. Tukiwa katika barabara za vigangoni vioo vya gari vitakuwa wazi, hata kama vumbi litaingia, na zulia limekwisha kuondolewa. Kigango cha juu kabisa, ambako gari hili haliwezi kupanda, tutaendelea kufika kwa bodaboda kama kawaida. Tumeiomba Halmashauri ya Walei ilizungumze suala hili bila sisi kuwapo, katika kikao cha kwanza baada ya miezi sita. Swali tulilowapa ni moja tu: je, watu wanalisimamisha? Wakiona kwamba hawalisimamishi, gari litauzwa, nasi tutatafuta jingine ambalo mama aweza kupanda na viatu vyake.

Ninyi nanyi tunawaomba msaada. Mkituona barabarani, inueni mkono. Pandeni na mihogo, na kuku, na matope ya masika. Mtakuwa mnamsaidia paroko wenu asije akazoea ukimya ule.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Ni sisi katika Kristo,
Paroko wenu