Huo Mduara Haukuchorwa na Mtoto

Wasee, kila nikipost picha za michoro ya mapangoni kule Mfangano, lazima mmoja aandike, "Hiyo hata mtoto wa nasari anaweza kuchora." Leo wacha tujibizane.

Mfangano si mbali. Ni kisiwa cha hapa hapa ziwani, kaunti ya Homa Bay. Unafika Mbita, unapanda boti. Kuna Mawanga na kuna Kwitone. Mwambani utaona mduara ndani ya mduara, nyekundu na nyeupe, mingine kama jua. Watafiti wanasema ni kazi ya Watwa, watu walioishi kwa kuwinda na kuokota chakula kabla sisi wengine hatujafika. Baadaye Wasuba wakaheshimu hizo sehemu, wakawa wanaombea mvua hapo.

Sasa jaribu wewe. Hakuna brashi, hakuna rangi ya kopo. Unatafuta jiwe jekundu, unalisaga, unachanganya hadi ishike. Mwamba wenyewe umepinda. Halafu unazungusha mkono mara tatu, nne, na mistari isigongane. Mimi nilijaribu na chaki kwa ukuta wa ploti yetu hapa Otonglo. Mduara wa tatu ulitoka kama chapati ya bachela.

Na msiniambie walichora miduara kwa sababu wanyama waliwashinda. Hao ni wawindaji, mnyama walimjua kutoka kwato hadi pembe. Kumwacha nje ulikuwa uamuzi, na msanii ni mtu wa kuamua.

Lascaux ya Ufaransa wengi wetu tunaijua. Vijana waliigundua 1940, na 1963 ikafungwa kwa umma kwa sababu pumzi za wageni zilikuwa zinaharibu michoro. Lakini Kakapel, iliyo kaunti ya Busia na ni mnara wa kitaifa tangu 2004? Matatu za Busia zinapita hapa Otonglo kutwa nzima na hatujawahi kuuliza.

Hii stori inanigusa. Tangu niache chuo, nyumbani wananiuliza hizi video zitanilisha lini. Sista yangu mdogo anachora kunishinda, na tayari anko amemwambia aweke penseli chini asome vitu vya maana, kuchora ni kwa watu walioshiba. Mimi sina pesa ya kumjibu anko. Nina Mfangano tu. Yule aliyechora pale alikuwa anatafuta chakula kila siku ya Mungu, na bado alitenga muda wa kusaga rangi. Hakungoja ashibe kwanza.

Ukienda, pitia makumbusho ya Abasuba pale kisiwani, lipa mtu akuongoze, piga picha bila kugusa. Na jina lako usilikwaruze mwambani. Aliyechora mwenyewe hakuacha lake.

Likizo ya Agosti nampeleka sista. Nani anajua boti ya bei poa pale Mbita?