Mndimu Uliotaka Kutugombanisha

Huenda kwako mndimu ni mti wa kawaida tu, unaoupita uani bila hata kuutupia jicho. Kwetu Manda Maweni, mti huo nusura univunjie maelewano na mama mkwe wangu, mtu ambaye tangu niolewe hatujawahi kurushiana neno.

Mimi ni mzaliwa wa Mpeketoni, barani, ambako mbegu ikidondoka huota. Niliolewa na mchonga mawe, nikavuka maji kuja kisiwa hiki cha matumbawe. Mawe ya kujengea nyumba tunayo tele, lakini maji matamu ni shida. Ya visimani yana chumvi. Mvua ikinyesha tunayakinga kwenye jabia, na yakiisha hayo tunanunua yanayoletwa kwa mashua, dumu la lita 20 kwa bei yake. Watu wa kale wa Takwa, katika kisiwa hiki hiki, waliuhama mji wao karne ya 17, na wazee husema ni maji yaliyowahamisha.

Mwaka 2018 nilirudi kutoka kwa mama yangu na ndimu kikapuni. Nilipokuwa nikikamua moja juu ya samaki niliziona mbegu zimenona, nikazifukia katika kopo la maziwa. Uzuri wa ndimu hizi ndogo zetu ni kwamba mbegu yake hutoa mti uliofanana na mama yake. Mche ulipofika shubiri mbili, baba watoto alinichimbia shimo kwa mtaimbo, maana hapa jembe ni la kuvunjika mpini tu. Nikaagiza gunia la udongo kutoka nyumbani na gunia la samadi ya punda iliyooza kutoka Lamu. Nahodha aliponusa mzigo wangu aliniuliza, "Na punda mwenyewe umemwacha wapi?"

Mti ulishika. Ukipita ukaufikicha ule ujani, harufu yake hukaa kiganjani mpaka jioni. Baada ya mwaka hivi, majani machanga yakaanza kuwa manjano huku mishipa yake imebaki kijani. Nikadhani ni kiu, nikazidisha maji, wapi! Bwana shamba mmoja kule barani ndiye aliyenieleza kwamba mawe ya matumbawe ni chokaa, na chokaa ikizidi mti hushindwa kulipata madini ya chuma hata kama yamo udongoni. Nikaongeza samadi na kufunika shina kwa majani makavu, nikiacha nafasi kidogo yasiguse gome. Polepole ukarudi rangi yake. Wakaja na viwavi, wale ambao wakiwa wadogo utadhani ni kinyesi cha ndege. Wakikua huwa kijani, na ukiwagusa hutoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Hao niliwaokota kwa mkono kila asubuhi.

Kisha ukaja ukame. Mwaka 2022 mvua zilitukimbia, na nyumbani tukawa tunapimiana maji kwa kikombe. Mimi, nakiri, nilikuwa nikiamka alfajiri na kuupa mndimu wangu kopo moja kwa siri. Siku moja nikageuka nikamkuta mama mkwe amesimama mlangoni.

"Mai ni ya watu, mwanangu," akasema, "si ya miti."

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye ni mtu wa Shela, na watu wa Shela bado huvuka kwenda Takwa kuomba mvua penye lile kaburi la mnara. Anajua thamani ya tone. Na kweli mjukuu wake alikuwa ameogeshwa kwa kikombe siku hiyo. Sikujibu. Nikaacha kuumwagilia. Maji ya vyombo yalikuwa na sabuni na chumvi ya samaki, nikaogopa kuyamwaga pale. Wiki ya pili majani yakajikunja, ya tatu yakaanza kudondoka. Nilipokuwa nikiyafagia nilikuwa nikilia, na sikutaka mtu anione.

Jumatatu moja, wakati wa adhuhuri, nilikuwa jikoni nikaona mama amebeba kibao chake na birika la kutawadhia. Kwa kawaida hutawadha kwenye sakafu ya bafu. Akakiweka kile kibao kwenye kivuli kidogo cha mndimu, akatawadha taratibu, maji yakaingia shinani. Alasiri akafanya vile vile. Na magharibi. Birika lake halikuongezwa hata tone. Hakuniambia kitu nami sikumuuliza, ila siku ya pili nilimkuta baba watoto naye amechuchumaa pale pale, kaambiwa.

Mwaka 2023 tulipata ndimu saba. Ya kwanza niliikata nikamkamulia mama juu ya mchuzi wake wa samaki. Akala, akasema chumvi imepungua.

Siku hizi tunabishana juu ya miba. Yeye anataka matawi ya chini yakatwe kwa sababu yanamchoma akitawadha. Mimi nasema asogeze kibao. Mpaka leo hajakisogeza, nami panga nimelificha.