Chaki Isubiri Jumatatu

Mwalimu mkuu wangu wa kwanza amefariki, nami nilishastaafu nilipotimiza miaka 60. Msibani, chini ya turubai, tulibishana tena kuhusu wiki yake ya dawati la nyuma. Mwenzangu mmoja, naye mstaafu, anashikilia hadi leo kwamba mzee alikuwa anatupotezea muda. Nimeona nijibu kwa maandishi, maana pale kilioni haikuwa adabu kupandisha sauti.

Nimezaliwa Muheza, baba mkata mkonge. Shule ya msingi, sekondari, Chuo cha Ualimu Korogwe. Huko hakuna kisa. Mwaka 1984 nikapangiwa kituo Maswa, wilaya iliyokuwa bado mkoa wa Shinyanga, kwani Simiyu ulikuja kuwa mkoa mwaka 2012. Nilishuka stesheni ya Malampaka na sanduku la bati, godoro, na miche ya sabuni ambayo mama aliipata kwa mbinde. Wanaokumbuka miaka ile wanajua sabuni ilikuwa mali.

Nilijiona nimekamilika. Azimio la kazi la muhula mzima nilikuwa nalo, maandalio ya masomo yamepigiwa mistari kwa rula. Mwalimu mkuu aliyapitia taratibu, akanirudishia. “Kazi nzuri, mwanangu. Utayatumia wiki ijayo.” Kisha akanipeleka darasa la kwanza, akanikalisha dawati la mwisho, magoti yakigusa ubao wa juu. Chaki, alisema, nitapewa Jumatatu.

Asubuhi nilimsikiliza mama mmoja, mwalimu mkongwe, akiwafundisha kwa Kiswahili watoto waliotoka nyumbani na Kisukuma kitupu. Aliuliza swali moja mara tatu, kila mara kwa maneno machache zaidi, hadi mtoto akashika. Nikagundua kuwa ile “ndiyo, mwalimu” ya darasa zima haina maana kwamba wameelewa. Chuoni hatukuambiwa hivyo.

Mchana nilikabidhiwa rejesta za mahudhurio za mwaka uliotangulia, ninakili utoro mwezi kwa mwezi. Niliona ni adhabu. Kumbe rejesta inasema! Utoro ulipanda wakati wa kuchuma pamba. Wavulana wale wale walikosekana siku za mnada wa ng'ombe. Watoto wa kitongoji cha ng'ambo walitoweka wote kwa pamoja miezi ya mvua, kwa sababu mto ulikuwa hauvukiki. Mwalimu asiyejua mnada ni siku gani atachapa viboko bure, na mimi nimewaona wengi waliochapa bure.

Jioni mzee alinipitisha kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa wazazi, nikijifunza kuamkia “mwangaluka” asubuhi na “mwadila” jua likishapinda. Walinicheka matamshi, wakanipa kiti.

Katikati ya wiki akaja mkaguzi. Akakuta darasa la tatu halina mwalimu, na mwalimu mpya, mwenye cheti, kakaa na watoto wa miaka saba. Akaandika kwenye daftari la kumbukumbu za shule kwamba shule inachezea rasilimali ya taifa. Mzee alisoma, akaweka sahihi, akanirudisha dawatini.

Nakubali, mkaguzi hakutoka kapa. Tangu mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote watoto walikuwa wamefurika na walimu hawatoshi. Darasa kukaa bila mwalimu wiki nzima si jambo dogo. Lakini walimu waliotupwa darasani siku ya kwanza, wakubwa kwa wadogo, niliwaona muhula ukiisha: wanaomba uhamisho, wanagombana na wazazi, wanasema watoto wa huku ni wagumu. Hiyo nayo ni hasara, ila haiandikwi kwenye daftari. Mkaguzi yule baadaye alipanda cheo. Sina la kuongeza.

Nilipokuwa mkuu wa shule mwenyewe, vijana waliripoti na faili safi: barua ya ajira, vyeti halisi, cheti cha kuzaliwa. Maswali yao ya kwanza yalikuwa posho ya kujikimu, cheki namba itatoka lini, na mtandao unashika wapi. Siwalaumu, mtu hali barua. Lakini kijana, una miezi 12 ya majaribio kabla hujathibitishwa kazini, na wanaokupima kweli ni mama anayemtuma mtoto shule na mwenzako uliyeketi naye ofisi ya walimu. Muulize huyo aliyekutangulia, hata kama elimu yake ni ndogo kuliko yako. Hasa kama ni ndogo.

Na ninyi wakuu wa shule mliobaki, mkipokea mwalimu mpya Januari, msimtupie vipindi asubuhi ile ile. Mpeni dawati la nyuma na rejesta za mwaka jana. Mkaguzi akija, muwekeeni sahihi.