Nasaha Kuhusu Nomino za Kiafrikana

Mpwa wangu,

Nomino ya Kiafrikana haina ngeli wala jinsia. Neno "die" hutangulia kitu kinachojulikana, kiwe kimoja au vingi. Neno "'n" hutangulia kimoja ambacho hakijatajwa. Kitenzi nacho hakigeuki: die kind speel, mtoto anacheza, die kinders speel, watoto wanacheza. Aliyelelewa na Kiswahili, aliyezoea kupatanisha sentensi nzima, hupumua hapo, na mara nyingi hulegea mapema mno. Kazi imejificha kwenye wingi.

Wingi, kwa kawaida, huishia kwa -s au -e. Tafel, meza, huwa tafels. Venster, dirisha, huwa vensters. Hizo hazisumbui. Nomino za silabi moja aghalabu huchukua -e, na hapo tahajia hubadilika. Boom, mti, hupoteza o moja na kuwa bome. Kat, paka, huongeza t na kuwa katte. Brief, barua, hugeuza f na kuwa briewe.

Pagumu zaidi ni pale sikio lisipotoa msaada wowote. Dag, siku, na nag, usiku, zina mwisho mmoja, lakini wingi wake ni dae na nagte. Kas, kabati, huwa kaste, ilhali tas, begi, huwa tasse. Hiyo t ya nagte na kaste ni ya Kiholanzi, lugha iliyozaa Kiafrikana: ilidondoka mwishoni mwa neno, ikasalimika palipofuatwa na irabu. Kwa hiyo daftari lenye umoja peke yake halifai kitu. Kila nomino huandikwa na wingi wake, zikasomwa pamoja kwa sauti, kisha mazoezi yakaanzia kwenye wingi kurudi kwenye umoja, njia ambayo wanafunzi wengi huikwepa.

Udogo unapendwa sana katika mazungumzo, hata kwa kubembeleza tu, na umbo lake hufuata sauti ya mwisho: boompie, stoeltjie, katjie, ringetjie. Tamko la -tjie hukaribia "ki", jambo ambalo maandishi hayalidokezi. Wingi wake ni -s daima.

Baada ya nambari, baadhi ya vipimo hubaki katika umoja: vyf rand, randi tano; drie uur, saa tatu za muda; tien jaar, miaka kumi. Dag haimo katika kundi hilo. Siku tatu ni drie dae.

Mjomba wako